Mwalimu Aliyekinga kwa Mgongo

Katika hadithi za ninja watazamaji wengi humpenda yule mwalimu mwenye mapigo ya ajabu. Mimi, ndugu msomaji, nimempenda mwingine ambaye wala si hodari sana wa vita. Ni Iruka, mwalimu wa darasani katika katuni ya Kijapani iitwayo Naruto. Masashi Kishimoto alianza kuitoa hadithi hiyo kwa michoro mwaka 1999, na mwaka 2002 ikaanza kuonyeshwa katika televisheni. Kwetu Mbagala ilifika kwa sahani za DVD zilizorudufiwa, vipindi chungu nzima katika sahani moja.

Sisi tuliokulia Tandale hatukuwa wageni wa mambo hayo. Bara hatukuwa na televisheni mpaka mwaka 1994, lakini mabanda ya video yalikuwapo. Tulilipa kiingilio, tukabanana kwenye mabenchi, tukawatazama wazee wa kung-fu wakiwabebesha wanafunzi wao ndoo za maji mpaka waanguke. Tuliamini kuwa ukali ndio ualimu wenyewe. Na nani angetuambia vingine? Jandoni kungwi alikuwa mkali, shuleni kulikuwa na fimbo, na ukienda gereji kujifunza ufundi, ulianza kwa kufundishwa matusi.

Iruka naye ni mkali. Mwanafunzi wake, Naruto, ni yatima asiyetakiwa na kijiji. Mwilini mwake amefungiwa mbweha wa mikia tisa, aliyeua watu wengi siku ile mtoto alipozaliwa, wakiwamo baba na mama wa Iruka. Kwa hiyo kila akimtazama mtoto huyu, mwalimu anakumbushwa msiba wake. Siku Naruto alipozipaka rangi sura za wakuu wa kijiji zilizochongwa mlimani, Iruka alimsimamia akazisugua, kisha akampeleka kula tambi za supu, akalipa yeye. Ukafika mtihani, mtoto akashindwa tena. Ilikuwa mara ya tatu. Mwalimu mwenziwe, Mizuki, akamtetea: kajitahidi, tumpitishe tu. Iruka akakataa.

Hapo ndipo nilipompenda. Maana Mizuki huyohuyo mwenye huruma ndiye aliyemdanganya mtoto aibe gombo la siri, kisha usiku akataka kumwua. Chuma kikubwa cha kurusha kilipomjia Naruto, Iruka alimfunika kwa mwili wake, kikamwingia yeye mgongoni. Kabla ya usiku kuisha mtoto akajigawa kuwa umati wa watu, somo linalokaribiana na lile lililomwangusha, akamshinda Mizuki. Ndipo Iruka alipovua kitambaa chake mwenyewe cha kichwani, ambacho kwao ndicho cheti, akamfunga.

Nisingeyajua haya kama si mpwa wangu, mtoto wa marehemu dada yangu, niliyemlea tangu akiwa darasa la pili. Februari 2013 yalitoka matokeo ya kidato cha nne ya mwaka uliotangulia, na zaidi ya nusu ya watahiniwa nchini walipata sifuri. Yeye alikuwa mmoja wao. Alijifungia chumbani siku nne, na humo hakikusikika kitu ila kelele za katuni hiyo. Siku ya tano niliingia, nikakaa kitandani, nikatazama naye. Hatukuzungumza habari za mtihani.

Mwezi Mei Serikali ikatangaza kuyafuta matokeo yale, yakapangwa upya. Sifuri yake ikawa daraja la nne. Majirani wakaja na pongezi, mke wangu akapika pilau. Usiku, wageni walipokwisha kuondoka, akaniuliza, "Mjomba, hapa nimefaulu au nimefaulishwa?"

Jibu la Mizuki lilikuwa rahisi, na lingetupa usingizi sote wawili. Nikamwambia, "Cheti kichukue, ni haki yako kama wenzako. Lakini Hisabati bado umeshindwa, na utairudia."

Mke wangu aliona nimemwonea mtoto. Wiki nzima nyumbani palikuwa kimya. Hata hivyo alijiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea, na kila usiku baada ya isha tukakaa mezani. Umeme ukikatika, tuliwasha chemli. Hesabu za sekondari mimi sizijui. Kipeuo cha pili tu kinanishinda. Nilikaa naye vivyo hivyo, nikimenya machungwa, nikimfukuzia mbu, nikimkataza kulala kabla ya saa nne. Akikasirika na kutupa kalamu, nilimwambia aiokote.

Mwaka 2014 alifanya mtihani, akaifaulu Hisabati. Safari hii hakuuliza kitu.

Mpaka leo tunabishana. Yeye anasema Kakashi, mwalimu aliyewafunza vita baadaye, anampita Iruka kwa mbali. Mimi nasema Kakashi alipokea mtoto aliyekwisha kuokolewa. Kipindi cha mwisho kilitoka Machi 2017, na alipokipata tulikitazama pamoja. Naruto sasa ni kijana anayeoa, na anamwomba Iruka ahudhurie harusi yake kama baba. Mpwa wangu alisimamisha picha. Nilidhani atasema neno. Akainuka, akaenda jikoni kutuchemshia chai.