Sumu Isiyo na Adui

Wakati wa likizo, hapo Kolwezi, nilimsaidia mtafiti mmoja kutafsiri maswali yake kwa Kiswahili. Aliandika kuhusu metali zinazoingia mwilini kwa kiasi kidogo, muda mrefu. Mimi nikaandika «sumu kidogo kidogo». Nilijiona fundi.

Jioni nikamsomea Kambo, mama ya mama yangu, aliyeosha mawe ya madini mtoni miaka mingi. Akanyamaza, kisha akauliza: «Ni nani ananilisha?» Tangu usiku ule hakugusa chakula cha mke wa mjomba.

Darasani tunasema kila kitenzi kina washiriki wake. Katika kinywa cha Kambo, sumu ina mkono unaoitia na moyo unaochukia. Mimi nilimpa sentensi isiyo na mtenda. Yeye akamtafuta, akampata jikoni.

Ukweli ni kwamba vumbi letu lina kobalti, na pamoja nayo risasi, kadimiamu, arseniki, hata urani. Tunalivuta, linatua juu ya mboga, watoto wanalila kwa vidole. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulikuta kobalti nyingi katika mkojo wa watoto wa Kasulo, mtaa ambako watu walichimba hadi chini ya nyumba zao. Kadimiamu hukaa ndani ya figo miaka 10 hata 30. Risasi hujificha mifupani kama kalisi, na huharibu akili ya mtoto. Kila metali peke yake inaweza kuonekana ndogo, lakini figo ni zilezile mbili, na zinabeba yote.

Kule Toyama, Ujapani, kadimiamu ya mgodi iliingia mtoni, ikafika katika mpunga. Mifupa ya watu ikavunjika. Ugonjwa ukaitwa itai-itai, yaani «inauma, inauma», kilio cha wagonjwa wenyewe. Mwaka 1968 serikali ikakubali chanzo chake. Sisi bado hatuna jina.

Nikarudi kwa Kambo bila neno «sumu». Nikasema: «Ni vumbi la mawe uliyoosha. Lilibaki mwilini.»

Akatazama mikono yake. «Basi nilijilisha mwenyewe?»

«Hapana, Kambo. Ulikuwa unatulisha sisi.»

Usiku ule alipokea bukari toka mkono wa mke wa mjomba. Ile karatasi ya maswali ningali naisahihisha.