Boi, Manamba na "Humiliation"

Kidato cha kwanza tulikariri neno "humiliation". Mwalimu akaandika maana yake ubaoni: "the state of being humiliated". Jamani! Maana ya namna hiyo inakuzungusha porini na kukurudisha ulikoanzia. Na jirani yangu wa dawati siku hiyo alikuwa amevishwa kibao shingoni, kisa alinaswa akiongea Kiswahili wakati wa mapumziko. Mfano ulikuwa umekaa palepale, na hakuna aliyeutaja.

Miaka ikapita ndipo nikasoma kwamba mzizi wa neno lile ni Kilatini, "humus", yaani udongo. Mtu ameshushwa mpaka chini. Na ule usemi wao wa "lose face", kupoteza uso, Waingereza waliuokota kwa Wachina katika karne ya 19. Sisi tunasema uso umeumbwa na haya, lakini tuna neno kali zaidi: kuumbua. Ukishamwondolea mtu kule kuumbwa kwake, kinabaki nini?

Lakini kwetu Tura Kiingereza cha fedheha kilifika kabla ya shule. Zamani Tura ilikuwa mlango wa Unyamwezi kwa misafara iliyotoka pwani. Burton na Speke walipita hapo mwaka 1857. Mzigo wa mpagazi ulikuwa mzito, tusidanganyane, ila kijana aliyefika pwani na kurudi alihesabiwa mwanamume, na jina lake lilikua. Reli ya Mjerumani ikafika Tabora mwaka 1912, mizigo ikapanda treni. Enzi za Mwingereza treni hiyohiyo ikawabeba wajukuu wa wapagazi kwenda kukata mkonge Morogoro na Tanga. Huko wakaitwa manamba. Namba, basi. Na aliyepata kazi nyumbani kwa mzungu akawa boi, hata kama ana mvi kichwa kizima. (Sisi tuliojitawala mwaka 1961 bado tunasema hausiboi na hausigeli bila kupepesa macho.)

Babu yangu alikuwa manamba. Mbuzi wake aliwahesabu kwa Kinyamwezi, fedha kwa Kiswahili. Namba yake ya shambani aliitaja kwa Kiingereza mpaka uzeeni, harakaharaka, huku ameshanyanyuka kitini, kama mtu aliyeitwa jina.