Bata wa Mnadani Lazima Achunguzwe

Kitu cha kwanza kuuzwa kwenye mnada wa intaneti wa eBay kilikuwa kibovu. Ilikuwa mwaka 1995, Pierre Omidyar ndiyo kwanza ameufungua mnada wake huko California, akatundika kitochi cha leza, kile cha kuonyeshea ubaoni, kilichokuwa kimeshakufa. Kikapata mteja kwa dola 14.83. Omidyar akashangaa, akamwandikia: umeelewa kwamba hakifanyi kazi? Jibu likaja kwamba ameelewa vizuri sana, yeye anakusanya vitochi vibovu. Huyo jamaa nampenda. Alisoma tangazo, akajua anachonunua. Sisi wengine vibovu hatukusanyi, ila tunavinunua kila siku.

Mwenzangu, baba Ibra, ni mtu wa vidole vyepesi. Akiona picha nzuri na saa inahesabu dakika za mwisho za mnada, moyo unamwenda mbio kama yuko uwanjani Simba na Yanga. Mimi nasoma. Nasoma mpaka maandishi ya chini kabisa, yale ambayo muuzaji anaomba Mungu usiyafikie. Tofauti hiyo haikuwahi kutugombanisha mpaka tulipotaka kununua kamera, nianze kupiga picha za harusi na kipaimara. Pesa ilikuwa ya kibubu chetu cha pamoja, miezi kumi na minne ya kujinyima, hakuna wikiendi Bagamoyo wala chipsi kuku za Ijumaa. Mpango ukawa tununue mnadani Uingereza, mzigo uende kwa wifi yangu Leicester, yeye atutafutie mtu wa kuja nao Dar.

Siku ya tatu akaipata. Canon, pauni 240, wakati wengine wanauza zaidi ya 300. "Mama Ibra, zimebaki dakika arobaini, tuweke dau!"

Nikamwambia anipishe kwenye kiti. Picha ilikuwa ile ile ya kiwandani, si ya kamera yenyewe. Maelezo yalikuwa mistari mitatu tu, na wa tatu ulisema: haijajaribiwa, sina betri. Jamani! Mtu anauza kamera ya laki saba anashindwa kuazima betri? Mimi nikikuta neno "haijajaribiwa" huwa nasoma "ilijaribiwa ikagoma".

"Lakini ana asilimia 99," akasema. Hapo ndipo wengi wanapoingizwa mjini. Asilimia inakupa hesabu, haikwambii mtu alisifiwa kwa lipi. Kwenye eBay inatokana na maoni ya miezi 12 iliyopita, na ukifungua ukurasa wa muuzaji unaweza kutenganisha maoni aliyoyapata akiuza na aliyoyapata akinunua. Nikatenganisha. Huyu bwana sifa zake karibu zote alizipata kwa kununua makava ya simu. Na tangu mwaka 2008 muuzaji wa eBay hawezi kumwandikia mnunuzi maoni mabaya, kwa hiyo kusifiwa kama mnunuzi ni sawa na kusifiwa na mama yako. Vitu alivyowahi kuuza havikuzidi vitano, vyote vidogo vidogo.

"Ukimchunguza sana bata, humli," akaniambia, uso umemvimba. Nikamjibu kwamba bata huyu tunamlipia kabla hatujamwona. Usiku ule tulilala mzungu wa nne.

Asubuhi nikamsimulia kisa cha Nottingham, huko huko Uingereza. Desemba 2013 kijana mmoja alilipa pauni 450 kwa kile alichodhani ni mashine ya michezo ya Xbox One. Tangazo lilisema kabisa kwamba ni picha. Yeye akaona limewekwa kwenye fungu la mashine na muuzaji hana doa, akalipa. Kilichofika ni picha. Baba Ibra akacheka mpaka chai ikamwagika, na kununa kukaishia hapo.

Tuliyonunua ilikuwa pauni 310. Muuzaji wake alikuwa na maoni mabaya manne, na niliyasoma yote kabla ya kugusa hata moja zuri. Mawili yalilalamikia ucheleweshaji wa posta. La tatu lilikuwa matusi matupu. La nne lilihusu lenzi yenye ukungu, na muuzaji alijibu kwa adabu: pole, irudishe, nauli juu yangu. Chini yake mnunuzi akaongeza kwamba kweli pesa imerudi. (Mashosti wangewasoma na wachumba hivi hivi, lakini hiyo ni safu ya mtu mwingine.) Picha zilikuwa kumi na moja, mojawapo ikionyesha mkwaruzo karibu na kioo.

Kitu kingine kwa ninyi mnaotumia anuani za ndugu. eBay inakurudishia pesa kama kitu hakifanani na tangazo, mradi ulalamike ndani ya siku 30 tangu kifike. Ulinzi huo unaishia kwenye anuani ya kwanza. Mzigo ukishasafirishwa kwenda kwingine, imekula kwako. Kwa hiyo wifi hakuruhusiwa kuliacha boksi limefungwa. Jioni ile ile alilifungua, akapiga picha masufuria yake yote, akatutumia kwa WhatsApp. Mkwaruzo ulikuwa pale pale palipoandikwa.

Kamera ilikuja Dar kwenye begi la mwanafunzi aliyerudi likizo. Kazi ya kwanza ilikuwa kipaimara cha Sinza, baba Ibra akanishikia taa, na malipo yakaenda moja kwa moja kibubuni.