Mawingu Mazuri

Jumamosi hiyo anga ya Hampshire, Uingereza, ilijaa mawingu ya pamba. Nikasema, hali ya hewa poa kabisa! Mwalimu wangu wa urubani akaguna: “Na wao wameyaona.”

Wao ni watu wa glaida, pale Lasham. Ndege zao hazina injini. Hupandishwa na hewa ya joto inayoinuka chini ya mawingu hayohayo. Nami kwenye ramani nilikuwa nimechora mstari juu ya uwanja wao, ambako winchi huzirusha glaida kwa kebo. Kebo huioni ng’o. Glaida nayo, ikikujia uso kwa uso, ni uzi mweupe tu. Na kisheria mwenye injini ndiye hupisha.

Nikafuta, nikachora kwa kuzunguka. Mafuta nalipia mwenyewe, kwa hivyo iliniuma, wacha tu.

Tulipokuwa juu nilihesabu glaida saba chini ya wingu moja, palepale mstari wangu wa kwanza ulipopita.