Kanda zisizo na majina

Mtu anapoondoka Shinyanga kwenda kutafuta riziki katika machimbo ya Geita, jamaa zake humfungashia nguo na chakula cha njiani, na siku hizi humfungashia pia kitu cha kusikiliza. Nguo na chakula havina ubishi. Hicho cha tatu ndicho kilichoigawa nyumba yetu mwaka jana, nasi tumeona tukiandike, kwani tunaamini kwamba kuanzia Kahama hadi Katoro ziko nyumba nyingi za Waislamu zilizopitiwa na jambo hili zikalinyamazia.

Sisi ni ndugu watano wa baba mmoja na mama mmoja. Marhumu baba yetu, Allah amrehemu, alikuwa mtu wa Tanga aliyeletwa Shinyanga na kazi ya ukarani katika kinu cha kuchambua pamba. Mama yetu ni Msukuma wa hapahapa, na yu hai, alhamdulillah. Kwa sababu hiyo tulilelewa katika nyumba iliyosikiliza pande mbili. Baba alikuja na taarabu za kwao, za Black Star na Lucky Star, na sauti ya Bi Shakila Saidi aliyoipenda kiasi kwamba iliposikika hakuna aliyethubutu kuuliza habari ya ada ya shule. Mama alikuwa na nyimbo za kulimia, ambazo hakuziita muziki hata siku moja. Kwake zilikuwa sehemu ya jembe. Na juu ya vyote hivyo, kila alfajiri kabla ya chai, redio kaseti ilimtoa Sheikh Abdul Basit Abdus-Samad akisoma Surat Yusuf.

Baba alikusanya kanda 37. Alizitunza katika kasha la mbao pamoja na penseli moja ya kurudishia utepe ulipochomoka, na juu ya kila kanda aliandika kwa mwandiko wa karani mambo matatu: nani anasikika, nani aliyempendekezea, na inamfaa nani. Moja ilisema imetoka kwa rafiki yake wa Tabora, na asikilizaye awe na nafasi, si mwenye haraka. Nyingine iliandikwa kwamba wasipigiwe wageni wasiojua Kiswahili cha Mombasa, watachoka bure. Hiyo ilikuwa ya Juma Bhalo. Tulipokuwa watoto tuliziona alama hizo kama kichekesho cha mtu mzima asiye na kazi jioni.

Leo tunaziona kwa jicho jingine. Wenye kusoma hadithi wanajua kwamba matini haipokelewi peke yake. Huulizwa imetoka kwa nani, naye aliipata kwa nani. Msomaji wa Qur'ani naye hupewa ijaza na sheikh wake, na sheikh huyo ana sheikh wake. Hatusemi kwamba nyimbo zina daraja ya elimu hiyo, hasha. Tunasema tu kwamba baba alikuwa Mwislamu aliyezoea kuuliza neno limepitia mikono ya nani, akaichukua tabia hiyo hadi kwenye kasha lake la kanda.

Na kweli, santuri za zamani za lugha yetu hazikusafiri bila jina. Mwaka 1928 Bi Siti binti Saad wa Unguja alivuka bahari na wenzake hadi Bombay kurekodi santuri, na kila santuri ilibandikwa katikati karatasi ya duara yenye jina. Mwaka huohuo reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza, ikiwa imepita hapa Shinyanga. Huwa tunapenda kuyaweka mambo hayo mawili pamoja, ingawa hayakupangwa kuwa pamoja, kwa sababu mzigo wa pwani ulifika kwetu kwa garimoshi. Na alipokuja baba yetu, miaka mingi baadaye, naye alishuka katika stesheni hiyohiyo akiwa na redio begani.

Upande wa mama nao haukujua kitu kisicho na mwenyewe. Usukumani, baada ya mavuno, Bagika na Bagalu hukutana uwanjani, kila kundi na manju wake, na mshindi ni yule anayewavuta watazamaji wakamwacha mwenzake akiwachezea vumbi. Manju hujitaja ndani ya wimbo wake, hutaja kijiji chake, na akimkejeli mpinzani humtaja naye. Mama anaweza hadi leo kukuambia wimbo fulani wa kulimia uliletwa na nani, kutoka kijiji gani, na mwaka ule mvua ilikuwaje.

Sasa tuje kwenye ugomvi. Mdogo wetu wa mwisho anachimba dhahabu Nyarugusu. Hushuka duarani kwa zamu, na akipanda hulala katika kibanda cha turubai pamoja na watu sita. Alituma ujumbe kwamba anataka memori kadi yenye visomo vya Qur'ani, maana anahifadhi Juzuu Amma, na mchimbaji hana nafasi ya kukaa chuoni. Dada yetu wa Kahama akachukua kasha la baba, akalipeleka kwa kijana mwenye kibanda cha kuingiza nyimbo, akamlipa azihamishe kanda zote 37 kwenye kadi moja. Kijana aliifanya kazi yake kwa uaminifu. Lakini vikaratasi vya baba vilikuwa vimeliwa na mchwa zaidi ya nusu, na kompyuta ikakipa kila kitu namba. Sheikh Abdul Basit akawa 14. Bi Shakila akawa 15. Kadi ikapanda basi kwenda Nyarugusu.

Baada ya wiki moja mdogo wetu alipiga simu akiwa amekasirika. Alikuwa amekaa kibandani na wenzake baada ya Isha wakisikiliza sura, na sura ilipokwisha zikafuata zeze na ngoma. Alisema hataki tena ala za muziki ziingie mahali anapohifadhia Kitabu, na akaongeza neno lililotuumiza: kwamba kanda za taarabu za baba zisirithishwe kwa watoto wetu, bali ziachwe na mchwa wamalize kazi yao.

Dada alilia. Kaka yetu mkubwa alimwita mdogo wetu mwenye msimamo mkali. Sisi wengine hatukuona hivyo, na tunataka tumtendee haki. Machimboni, biashara ya pombe hufika kabla ya kisima. Maspika ya baa hupigwa usiku kucha, na kijana wa miaka ishirini na tano aliyeuza mchanga wake hupoteza jasho la mwezi mzima chini ya nyimbo hizo kabla ya adhana ya alfajiri. Mdogo wetu ameona wenzake wakipotea kwa njia hiyo. Kwake yeye zeze si sauti ya sebuleni kwa baba. Ni mlango wa mahali ambapo fedha za mke na watoto huingia zisitoke. Wimbo mmoja ukipigwa mahali pawili si wimbo mmoja tena.

Kuhusu hukumu ya ala, wanazuoni wamehitilafiana tangu kale. Imamu Ghazali katika Ihyaa ameweka kitabu kizima juu ya usikilizaji, akaufungua mlango kwa masharti. Ibn al-Jawzi na wengine wakaufunga. Si kazi ya ukurasa huu kutoa fatwa, na mwenye swali ana masheikh wake. Swali letu lilikuwa dogo zaidi, na kwa kweli lilikuwa gumu zaidi: ndugu watano wa imani moja wanapendekezeana vipi cha kusikiliza bila kutiana sumu masikioni wala kumfuta baba yao?

Maana baba mwenyewe alikuwamo katika kanda hizo. Katika kanda moja ya Lucky Star aliyoirekodi kutoka redioni anasikika akituambia tutulie, kisha anakohoa, kisha wimbo unaendelea. Picha yake tunayo moja tu. Sauti yake iko hapo, kati ya wimbo wa kwanza na wa pili, na hakuna mahali pengine duniani inapopatikana.

Mama ndiye aliyeamua. Aliagiza kasha lirudishwe Shinyanga, tukaazima redio kaseti kwa jirani, na kwa usiku mbili tukakaa naye tukipiga kanda moja moja na kuandika katika daftari. Tulishangaa. Yeye ambaye hakuwahi kuchagua kanda hata moja aliwajua wote. Alimtambua Juma Bhalo kabla hajamaliza pumzi ya kwanza. Aliwatofautisha Ikhwani Safaa na Culture Musical Club, vikundi vya Unguja ambavyo sisi tuliviona kitu kimoja, akitueleza kwamba cha kwanza kinapiga kama watu wanaosubiriana. Dada alimweleza kwamba hao Ikhwani Safaa wametimiza miaka mia moja mwaka 2005, na kwamba ilitolewa albamu ya karne yao katika mfululizo uitwao Zanzibara. Mama akasema apewe aisikilize. Akaisikiliza yote, akasema ni nzuri lakini imesafishwa mno, hausikii mtu akikohoa.

Kwa upande wa visomo tulijifunza jambo ambalo tungependa kila nyumba yenye mtoto anayehifadhi ilijue. Kisomo cha Sheikh Abdul Basit ambacho wengi wetu tunakipenda ni cha tajwidi ya mikutano, chenye pumzi ndefu na kurudiarudia. Hutikisa moyo, lakini anayehifadhi humpotea. Kwa kuhifadhi, ustadhi wetu wa madrasa alitupendekezea Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary katika murattal, kisomo cha utulivu ambacho mtoto anaweza kukifuata kwa kidole. Mmisri huyo ndiye aliyetangulia kurekodi Qur'ani nzima, ikatolewa mwaka 1961. Ustadhi alipotupa pendekezo hilo alituuliza kwanza: anayesikiliza ni nani, yuko wapi, na anasikiliza saa ngapi? Hakuna simu iliyowahi kutuuliza hivyo. Simu hukuletea kinachofanana na ulichokigusa jana, basi.

Tukatengeneza kadi mbili. Ya Nyarugusu ina al-Husary kuanzia Juzuu Amma, ina Surat Yusuf ya Abdul Basit kwa siku za mapumziko, ina maulidi ya dufu ambayo mdogo wetu mwenyewe aliiridhia, na mwisho ina nyimbo nne za kulimia alizoziimba mama kwa mdomo mtupu, bila ala, uani, tukimrekodi kwa simu, na kuku wanasikika. Kila kipande kimeandikwa jina, mji na aliyekipendekeza. Kadi ya pili, ya taarabu, imebaki Kahama kwa dada pamoja na daftari, na watoto wetu wakitaka kusikiliza humwomba yeye, naye huwaeleza kabla ya kuwapigia. Mdogo wetu bado hakubaliani na kadi hiyo. Ila aliomba akatiwe ile sehemu ya baba akikohoa, peke yake, nasi tukamkatia.

Katika daftari imebaki kanda moja tu isiyo na jina. Ni mzee anayesoma kaswida kwa Kiswahili chenye lafudhi ya bara, dufu moja nyuma yake, na mtoto mchanga analia mahali fulani. Mama hamjui. Wazee wa msikiti wetu hawamjui. Mdogo wetu aliwapigia wenzake wa duara, na mmoja wao, mtu wa Ujiji, akasema sauti hiyo anaifahamu tangu utotoni ila jina limempotea; amemwandikia mjomba wake. Tunasubiri jibu, na mstari wake katika daftari tumeuacha wazi.