Ukristo wa Siku Sita

Mtu akisimama mjini Eldoret siku ya Jumapili asubuhi, atasikia nyimbo za kumsifu Mungu zikitoka kila upande. Makanisa yetu ni mengi, nayo hujaa. Hilo ni jambo la kushukuru. Lakini mimi, niliye mkulima wa mahindi katika nchi hii ya Uasin Gishu, nimejiuliza mara nyingi swali hili: Je, jirani asiyepata kuingia kanisani mwangu hupata faida gani kwa sababu mimi ni Mkristo?

Swali hili si la mchezo. Tarehe 1 Januari mwaka 2008, katika ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, kanisa la Kiambaa, karibu na mji wetu, lilichomwa moto pamoja na watu waliokimbilia humo, wengi wao wanawake na watoto. Katika Kenya nzima watu zaidi ya 1,100 walikufa siku zile. Hatukukosa Wakristo mwaka ule. Waliokimbia walikuwa wamebatizwa, na katika waliowafukuza wamo waliobatizwa pia. Kilichopungua ni Ukristo wa Jumatatu mpaka Jumamosi.

Hata hivyo haukukosekana kabisa. Marehemu Askofu Cornelius Korir, aliyekuwa Askofu wa Kikatoliki wa Eldoret tangu mwaka 1990 mpaka alipofariki Oktoba 2017, aliwafungulia wakimbizi ua wa Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu, wakakaa humo watu wapatao 10,000. Yeye alikuwa Mkalenjini, na wengi wa wale aliowapokea hawakuwa wa kabila lake. Ghasia zilipotulia, hakuridhika na mahubiri. Aliwakutanisha watu wachache wachache, kwanza kila kabila peke yake, waseme uchungu wao wote. Baadaye wakakaa pamoja, wakala pamoja, wakapatana. Kisha wakapewa kazi ya kuwafaa wote, kama barabara, shule au josho la ng'ombe. Njia hiyo ilielezwa katika kitabu kiitwacho Amani Mashinani, kilichotolewa mwaka 2009. Twaona basi kwamba wema nao wataka mpango, kama vile shamba litakavyo mbegu na mbolea kwa wakati wake.

Labda msomaji atasema, "Yeye alikuwa askofu; mimi ni mtu mdogo." Nitatoa mfano mmoja wa nyumbani, si kwa kujisifu, kwani kazi yenyewe ilikuwa ndogo.

Siku hizo za Januari jirani yangu wa kabila jingine alikimbia na jamaa yake, akaacha ghalani magunia 22 ya mahindi. Mimi na wanangu wawili tuliyahamisha usiku tukayaweka katika ghala letu. Asubuhi wakaja vijana wa kijiji, wengine nawajua tangu walipokuwa watoto wa kanisani, wakataka wagawiwe mahindi yale, wakisema mwenyewe hatarudi. Nikawajibu, "Mahindi haya yana mwenyewe, naye yu hai. Mkiyataka, nileteeni barua yake." Wakanitukana, wakaniita msaliti, lakini wakaondoka. Barabara zilipofunguka niliyauza, nikaandika katika daftari idadi ya magunia, bei, na nauli ya lori, kisha nikampelekea mwenyewe fedha kwa simu. Msimu ule hakuna mtu wa kijiji aliyekuja kutusaidia kupalilia, na mke wangu alipita kisimani bila kusalimiwa.

Jirani yule alirudi mwaka 2010. Hatukuzungumza sana. Alisoma daftari, akalifunga, na kesho yake akaja na jembe lake shambani kwangu. Na miaka michache baadaye, mmoja wa vijana wale, alipokuwa akienda mbali kutafuta kazi, aliniletea mimi hati ya shamba la baba yake nimwekee. Hakuniambia sababu, wala mimi sikumwuliza.

Ndugu wasomaji, nadhani hapo ndipo nguvu ya Mkristo ilipo. Wahenga walisema maneno matupu hayavunji mfupa. Watu hutusahau tuliyosema mimbarani, lakini hawasahau tulivyowatendea katika mali, mshahara na mpaka wa shamba. Karani anayempa mwananchi faili yake bila kungoja chai, huyo amehubiri. Mkulima anayemlipa kibarua jioni ile ile aliyomaliza kazi, huyo amehubiri. Mama auzaye mahindi sokoni kwa gorogoro lisilobonyezwa kitako, naye amehubiri, na huenda wasikilizaji wake ni wengi kuliko wa mchungaji.

Wako wanaosema kwamba mwema mmoja hawezi kuigeuza dunia iliyoharibika. Hao wakumbuke chumvi. Huwa kidogo chunguni, haionekani, wala haipigi kelele. Lakini ikikosekana, kila alaye hujua. Tena chumvi haina budi kutoka katika kopo lake. Wakristo wakikaa wao kwa wao, wakinunua kwa wao, wakiajiri wa kwao na kuzikana wao tu, wamebaki koponi, na chungu cha watu wote hakina ladha.

Nchi yetu itakuwa na chaguzi nyingine, na maneno ya kuwagawanya watu yatatembea tena, sasa kwa haraka zaidi, maana kila mtu ana simu mkononi. Wakati wa kujiandaa si siku ile moshi utakapoonekana. Ni sasa, wakati wa kupalilia, jirani akiwa ng'ambo ya ua wako. Basi kila mmoja wetu amjue kwa jina lake, amsaidie katika ugonjwa na mazishi, na amlindie kilicho chake, ili siku ya taabu asiwe na haja ya kuuliza ni mlango gani abishe.