Mashine yetu ilikwama kwa kusema sana

Wiki hii zamu ya kuandika ni yetu, sisi wa chumba cha kompyuta hapa Nakivale. Tumekubaliana tuandike ile habari ya seva, hata kama kuna sehemu inatutia haya.

Wengi wenu mnaijua: kile kisanduku cheusi chenye prosesa 4, kilichotufikia kikiwa kimeshatumika kwenye ofisi fulani. Kinatumia Linux. Ndani kuna masomo ya hesabu, kamusi, vitabu, na makaratasi ya wale wanaoomba ufadhili wa chuo. Mtu anakuja na simu yake, anashika waifai yetu, anasoma bila kununua bando. Basi hicho kisanduku kikaanza kukwama.

Kukwama kwenyewe hakukuwa kuzima. Taa zinawaka, feni inazunguka, lakini mshale kwenye skrini hausogei, na watu wote wameshika simu wanangoja. Siku nyingine inarudi yenyewe baada ya dakika moja au mbili. Siku nyingine hairudi, tunaizima kwa nguvu. Siku moja tulipoizima hivyo, dada mmoja alipoteza barua ya maombi aliyoiandika asubuhi nzima, na tarehe ya mwisho ilikuwa imebakiza siku 4. Alilia pale pale, mbele ya watoto.

Kwanza tukasema ni joto. Chumba chetu ni cha mabati, si mnajua. Tukakata boksi tukatengeneza kitu cha kupitisha hewa. Ikakwama tena, saa moja asubuhi, mvua inanyesha, sisi wenyewe tunatetemeka. Tukasema basi ni umeme wa sola. Halafu, na hapa ndo haya yetu ilipo, tukasema ni mtu. Kuna mwenzetu mmoja, mdogo wetu wa kike, alikuwa ameweka programu mpya ya hesabu wiki hiyo. Hakuna aliyemwambia "ni wewe". Tulibadilisha tu neno la siri, hatukumpa jipya. Akaelewa. Akaacha kuja.

Tukaitoa ile programu. Kesho yake mashine ikakwama.

Ni yaya mmoja wa kundi aliyesema: jamani, tuache kubahatisha, tusome mashine yenyewe inasema nini. Kumbe kila ikikwama inaandika kwenye skrini, sisi tunakimbilia kitufe cha kuzima. Safari hii tukapiga picha kwa simu. Mstari mmoja ulisema: rcu_sched self-detected stall on CPU.

RCU ni nini? Iliingia kwenye Linux mwaka 2002, na jina linalotajwa nayo sana ni Paul McKenney. Tuieleze kwa mfano wa kwetu. Siku ya mgao, orodha ya majina imebandikwa na watu wa mistari minne wanaisoma. Ikija orodha mpya, inabandikwa pembeni, wanaofika sasa wanasoma ile. Ya zamani haichanwi mpaka kila mstari useme "sisi tumemaliza". Hakuna anayemzuia mwenzake kusoma, ndo uzuri wake. Lakini mstari mmoja ukinyamaza, orodha ya zamani haiwezi kutupwa, na kazi zilizokuwa zinangoja itupwe zinalala. Prosesa ndo mistari. Kerneli inasubiri sekunde 21, kama aliyeitayarisha hakubadilisha hesabu hiyo, kisha inalalamika kwamba kuna mmoja hajajibu.

Kwa hiyo ule ujumbe si ugonjwa, ni malalamiko tu. Ugonjwa unautafuta chini yake, kwenye orodha ya majina ya kazi. Jina la juu ndo mahali prosesa ilipo sasa hivi, la chini yake ndo lililoiita, na kuendelea hivyo. Majina yenye alama ya kuuliza mbele yake usiyaamini sana.

Tukaandika 1 kwenye /proc/sys/kernel/sysrq ili mashine ikubali kuulizwa. Ikikwama tunabonyeza Alt, SysRq (kwa kibodi yetu ni kile kitufe cha PrtSc) na herufi l, nayo inaonyesha kila prosesa yenye kazi iko wapi. Tukakusanya picha za mikwamo mitatu, tukaziweka pamoja mezani. Zote tatu zilikuwa na majina yale yale: wait_for_xmitr, serial8250_console_write, console_unlock.

Siriali! Sisi hatuna waya wowote wa siriali. Tukafungua /proc/cmdline, tukakuta console=ttyS0,9600. Ile ofisi ya kwanza ilikuwa inaisimamia seva kwa waya huo, na hakuna aliyefuta. Kila neno la kerneli lilikuwa linatumwa kwenye tundu ambalo halina mtu upande wa pili.

Sasa fanyeni hesabu nasi. 9600 ni kama herufi 960 kwa sekunde. Mistari 260 ya herufi 80 inakula zaidi ya sekunde 21. Muda huo wote prosesa moja inasubiri herufi zitoke moja moja, na zingine zinamsubiri yeye. Ikipita sekunde 21, kerneli inalalamika, na malalamiko yenyewe ni mistari mingine ya kutuma! Hata sisi na Alt-SysRq yetu tulikuwa tunaongeza maneno.

Nani alikuwa anaongea sana hivyo? Diski ya nje ya USB, ile ya video. Waya wake umechoka. Kila ikikatika na kurudi, kerneli inaandika makosa mistari kwa mistari.

Tukajaribu kwa makusudi: tukautikisa waya, ikakwama. Tukafuta yale maneno kwenye /etc/default/grub, tukaendesha update-grub, tukaiwasha upya. Tukautikisa tena waya. Makosa yakajaa kwenye dmesg kama kawaida, lakini masomo hayakusimama. Waya mpya tulinunua baadaye kwa michango.

Ndugu mnaofanya kazi kwenye mashirika, mkituletea mashine iliyotumika tunashukuru kweli. Tuleteeni pia karatasi moja inayosema ilikuwa imepangwa vipi.

Halafu tukaenda kwa yule mdogo wetu, watu wanne. Mama yake akatupa chai, sisi tumeinamisha vichwa, yaya akaomba msamaha kwa niaba yetu. Binti alisikiliza mpaka mwisho, akaingia ndani, akatoka na daftari. Alikuwa ameandika tarehe ya kila mkwamo. Wa kwanza ulikuwa siku ile ile tuliyochomeka diski ya nje, siku 9 kabla ya programu yake.

"Mbona hukutuonyesha?" mmoja wetu akauliza.

"Mliniuliza lini?"

Jumamosi ile hakuja. Iliyofuata alikuja, akaomba neno la siri, tukampa.